Baba wa Chuma, Baba wa Nyama

1

Barua ya kwanza ya asubuhi ile iliomba farasi. Ya pili iliomba mdogo wa kike, au kama hayupo, baiskeli. Ya tatu ilitoka kwa mtoto wa Kibosho aliyetaka mwalimu wake wa hesabu ahamishiwe sayari nyingine, na alikuwa ameambatanisha orodha ya sayari tatu alizoona zinamfaa.

"Nimeandaa rasimu," alisema Karani. Sauti yake ilitoka kwenye kisanduku kilichoning'inia ukutani, juu ya birika la chai. "Kwa yule wa farasi: Mpendwa Ombeni, farasi hayupo. Hata angekuwepo, uwanja wenu una upana wa hatua tisa, na mama yako ameshaandika mara mbili kwamba hata kuku wanamchosha. Wako, Ofisi."

"Huwezi kumwandikia mtoto hivyo," alisema Haikaeli kwa sauti ndogo. Sauti zake zote zilikuwa ndogo.

"Kuna kosa gani?"

"Hakuna kosa. Ndiyo shida yenyewe."

Mashine haikuruhusiwa kumdanganya binadamu, mkubwa kwa mdogo. Sheria ilikuwa ya zamani na haikuwa na mlango wa nyuma. Kwa hiyo Ofisi ya Majibu ya Noeli, mjini Moshi, ililazimika kuajiri watu. Haikaeli alikuwa amemaliza chuo mwezi wa saba, na juu ya meza yake kulikuwa na fremu yenye muhuri mwekundu: Cheti cha Uongo Mwema, Daraja la Pili. Kilimruhusu kudanganya kuhusu makazi ya Baba Noeli (Kibo, upande wa kaskazini, nyuma ya mitambo ya theluji), chakula chake (mtori), na jinsi anavyopita kwenye nyumba zenye mbwa. Hakikumruhusu kudanganya kuhusu ugonjwa, kifo, wala wazazi. Kwa hayo ilihitajika Daraja la Kwanza, na mkoa mzima aliyekuwa nalo ni askofu mmoja mstaafu, ambaye alikataa kulitumia.

Haikaeli akachukua kalamu. *Mpendwa Ombeni, mwaka huu farasi wangu wote wana mafua, na mimi siwezi kukuletea mnyama anayepiga chafya...*

"Farasi hao hawapo," alisema Karani.

"Najua."

"Nasema tu, kwa amani ya nafsi yangu." Kisanduku kikatema barua nyingine. "Hii hapa ni nyepesi. Imepita yenyewe. Haina gharama, haimuumizi mtu, inatekelezeka. Saini tu."

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari.

*Mpendwa Baba Noeli,*

*Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe unayekaa kwenye baridi. Mwaka huu sitaki doli. Naomba uniletee tena baba wa chuma, yule wa mwaka jana. Nimesikia baba wa nyama anashuka mwenyewe. Tafadhali abaki mwezini, huko ana duka. Siyo kwamba simpendi. Simjui vizuri. Mama anasema ni mtu mmoja lakini si kweli. Mwezi wa kwanza nilimpigia baba wa nyama nikamuuliza habari za paka, akasema, paka gani? Baba wa chuma ananijua. Nilimwambia mambo yangu yote siku ile ya mvua. Akija wa nyama nitaanza upya na nimechoka. Usimwambie mtu.*

*Wako mtiifu, Aikande A. Uiso, miaka tisa, Mwika.*

*Mbwa wetu ni mkali lakini nitamfunga.*

Kalamu ikamponyoka Haikaeli, ikabingirika mpaka chini ya meza. Akainama kuitafuta, akaamua kubaki huko kidogo.

"Umeipata?" aliuliza Karani.

"Bado," alisema Haikaeli, kalamu ikiwa mkononi.

2

Zamani, watu wa mikoa mingine walifanya utani kwamba Mchaga lazima arudi mlimani kila Desemba ili akahesabiwe. Utani ukasemwa miaka mingi mpaka koo zenyewe zikaona ni wazo zuri. Sasa kila ukoo ulikuwa na daftari lake na mhesabu wake, na asiyehesabiwa miaka mitano mfululizo alipoteza nafasi yake kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo. Shida ni kwamba Wachaga walikuwa wametawanyika mno. Ilisemekana kwamba wazungu wa kwanza kurudi mwezini walikuta Mchaga ameshafungua duka, na limefungwa, kwa sababu ilikuwa Desemba.

Ndipo wakaja wawakilishi: miili ya chuma yenye kimo cha mtu, uso wa kioo unaoonyesha sura ya mwenye mwili, na mfuko tumboni wa kupokea pombe ya mbege ili asimwaibishe mwenyeji. Mwenye mwili alivaa kofia ya kuendeshea popote alipo, na mwakilishi akatembea kwa miguu yake na kusema kwa sauti yake. Sheria iliweka sharti moja tu, mtu mmoja mwili mmoja, baada ya bwana fulani wa Kilema kuhesabiwa mara tatu na kuondoka na mafungu matatu ya nyama. Mwakilishi akishaandikishwa kwa jina lako, wewe mwenyewe huwezi kufika. Kiti chako cha safari hupewa aliye nyuma yako kwenye foleni.

Aminieli Uiso, mwenye duka la sabuni na viungo mwezini, mwaka wa kwanza aliendesha mwenyewe. Lakini kutoka mwezini neno huchukua karibu sekunde tatu kwenda na kurudi. Akiulizwa "Umefika salama?" alikodoa macho kama mtu aliyesahau jina lake, kisha akajibu "Ndiyo" wakati tayari ameulizwa kama amefilisika. Mchungaji alipompa mkono, mkono wa chuma uliinuka akiwa ameshageuka, ukamkamata kola na kumvuta nyuma hatua nne. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Mwaka uliofuata Aminieli akakodi dereva wa hapa hapa mjini, kimya kimya, kama wengi walivyofanya. Mkataba ulikuwa na kifungu kimoja kilichoandikwa kwa herufi nene: dereva hatamwambia mtu yeyote kwamba aliyekuwa ndani ni yeye, ila kwa ruhusa ya mwenye mwili.

Dereva yule alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye aibu kiasi kwamba alinunua mkate duka la mbali ili asisalimiane na muuzaji wa karibu.

Maelekezo ya Aminieli yalijaa nusu karatasi. *Nasema kidogo. Sichezi. Nikiulizwa habari za shamba, kohoa.* Haikaeli aliyasoma mara kumi, akavaa kofia, akafungua macho Mwika, na hakuna aliyekuwa akimwangalia yeye. Walikuwa wakimwangalia Aminieli. Ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Ndani ya dakika kumi alikuwa amesalimia watu arobaini. Siku ya pili alicheza rede na kombolela. Siku ya tatu aliimba kanisani.

Na kosa kubwa alilifanya siku ya pili hiyo hiyo. Wanawake walipoita watu wa kumenya ndizi za mtori, yeye, binti aliyelelewa na mama ambaye hakukuita bali alikutazama tu mpaka uinuke, aliinuka kwa miguu ya chuma, akaingia jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu. Jiko zima likanyamaza. Hakuna mwanamume wa ukoo wa Uiso aliyewahi kuonekana upande ule wa moshi.

"Mwezi umemharibu," alisema Meku Uiso, baba yake Aminieli, aliyekuwa mhesabu wa ukoo.

"Mwezi umemtengeneza," alijibu shangazi Ndeamkunda. Kufikia Pasaka, wake watatu wa ukoo ule walikuwa wameandika maombi ili waume zao wapelekwe mwezini kwa matengenezo.

Kisha siku ya nne mvua ikanyesha, na mtoto mwembamba mwenye pengo akaja kuketi kwenye paja la chuma, chini ya paa la ghala, akaanza kueleza mambo yake yote.

3

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Kaa." Mama Makundi, mkuu wa ofisi, alikuwa akijibu barua na kula hindi la kuchoma kwa wakati mmoja. Miaka thelathini alikuwa Baba Noeli wa wilaya tatu.

Haikaeli akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Mama, kama mjibu anamfahamu mwandishi wa barua..."

"Mkoa huu nani hamfahamu nani? Mimi nilishajibu barua ya mwanangu wa kuzaa. Aliomba mama mwingine."

"Ukamjibuje?"

"Kwamba wameisha. Leta hiyo." Akaisoma, akatafuna taratibu. "Maskini. Anaandika vizuri. Si imepita?"

"Imepita. Isipokataliwa mpaka kesho saa sita mchana, inatekelezwa, na baba yake ananyang'anywa kiti. Labda baba yake angeambiwa tu..."

Mama Makundi akaweka hindi chini, jambo alilolifanya kwa nadra. "Haikaeli. Barua ya mtoto haimfikii mzazi. Siku mzazi mmoja akisoma, watoto wote watajua, na mwakani wataandika yale wanayotaka wazazi wasome. Utapokea barua elfu sita za kuomba madaftari. Hakuna mahali pengine duniani mtoto anaomba bila kuangalia uso wa mtu. Ni hapa tu."

"Naweza kuikataa?"

"Kwa sababu ya kweli. Unayo?"

Haikaeli alikuwa nayo. Ilikuja mpaka kwenye meno, ikakuta mlango umefungwa na mkataba, na aibu ikiwa imeegemea mlango kwa nje.

"Basi acha ipite," alisema Mama Makundi kwa upole. "Mtoto ameomba, na mtu mzima atavumilia. Mwakani atashuka."

Haikaeli alirudi mezani kwake akaketi. Birika lilikuwa limepoa.

"Kuna jambo unalificha," alisema Karani.

"Usinipime mapigo."

"Sikupimi. Unatetemesha meza. Sikiliza, nimeendelea na maandalizi. Mwakilishi yupo. Dereva wa mwaka jana, namba 318, ndiye mwenye haki ya kwanza ya kazi hii. Nimemtumia taarifa sasa hivi."

Simu ya Haikaeli ikalia mfukoni.

Karani akanyamaza kwa muda ambao, kwa mashine, ni kama wiki mbili. "Aha," alisema.

Haikaeli akafunika uso kwa viganja. Lililomtisha si kugunduliwa. Lililomtisha ni kwamba simu ilipolia, kabla ya kufikiri lolote, alikuwa amefurahi. Siku nne. Kombolela, nyimbo, jiko limejaa wanawake wanaocheka kwa sababu yake, na mtoto anayekimbia kutoka getini akiita baba. Hakuhitaji kufanya chochote ili ayapate. Alihitaji tu kukaa kimya, na hilo ndilo jambo alilolijua kuliko yote.

4

Saa tisa alasiri simu ya sura ikaita kutoka mwezini.

"Ofisi ya Majibu, shikamoo," alisema Haikaeli.

Mwanamume mwenye kipara na aproni ya duka alimtazama bila kupepesa. Haikaeli akadhani hajasikia. "Shika..."

"Marahaba. Naitwa..."

"...moo. Samahani, endelea."

"...Aminieli Uiso. Hapana, endelea wewe."

Wakanyamaza wote wawili, kisha wakaanza tena pamoja. Mara ya tatu Haikaeli alijifunza kuhesabu moyoni kabla ya kufungua mdomo.

"Kiti changu kimewekewa alama ya njano," alisema Aminieli. "Wanasema kuna barua. Nani hataki nishuke? Mzee? Bado ana hasira za ndizi?"

"Siruhusiwi kusema, baba."

"Maana mwaka mzima ni ndizi tu! Shangazi Ndeamkunda amenitumia kisu. Kisu, dada yangu, kwa posta ya mwezini! Ndizi huku hazifiki, nafanya mazoezi kwa viazi." Akainua kidole kilichofungwa kitambaa. Nyuma yake mteja aliuliza bei ya pilipili manga akaambiwa asubiri. "Mwaka jana nilimlipa mtu awe mimi. Hilo labda unalo kwenye mafaili. Sijawahi kuuliza alifanya nini. Kila mtu alinisifu, nikaogopa kuuliza. Niliogopa kujua kwamba alikuwa baba mzuri."

Mkataba haukukataza kumwambia mwenye mwili. Haikaeli akasema haraka, kama anayeruka shimo: "Alikuwa mimi."

Moja, mbili, tatu.

"Wewe? Wewe mwenye sauti hii?"

"Ndiyo."

"Mae! Wanasema niliimba kanisani."

"Uliimba."

"Vizuri?"

"Walikupa kwaya nzima uiongoze."

Aminieli akashika kipara. Mteja wa pilipili akaondoka. Kisha uso wa mwenye duka ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeona njia. "Basi wewe ndiye dawa yangu! Niandikie orodha. Michezo, nyimbo, aliniambia nini, nilimjibu nini. Na paka. Mwezi wa kwanza aliniuliza habari za paka nikaharibu kabisa. Nitayakariri yote njiani, safari ni siku mbili. Nikishuka hatagundua kitu."

Ilikuwa rahisi kabisa. Kiti kingebaki, kwa sababu angeweza kuikataa barua kwa kuandika kwamba baba wa nyama anajua kila kitu, na ingekuwa kweli tangu dakika ile aliyojua. Haikaeli alivuta karatasi. Akaandika *Paka*, akakoma.

Mtoto alikuwa amesema yale kwa baba yake. Huyu hapa ndiye baba yake. Nani mwingine mwenye haki nayo zaidi? Lakini Aikande hakuyapeleka mwezini. Aliyaweka kwenye sikio moja, siku moja, mvua ikinyesha, na sikio lile lilikuwa la mgeni. Na sasa mgeni yule ayatoe kwenye karatasi, ili Aminieli ashuke kumwigiza Haikaeli aliyekuwa akimwigiza Aminieli, na mtoto aketi tena kwenye paja asijue anaongea na nani. Mara ya kwanza ilikuwa kibarua cha mwanafunzi. Mara ya pili ingekuwa dharau.

"Siwezi," alisema.

Moja, mbili, tatu. "Ni mwanangu!"

"Ni mambo yake." Alishangaa kusikia sauti yake ikigonga kisanduku cha Karani na kurudi. "Siongei kama mjibu, baba. Naongea kama dereva. Mkataba unasema siwezi kumwambia mtu mpaka uniruhusu. Niruhusu nimwambie Aikande kwamba ilikuwa mimi."

Alihesabu. Moja, mbili, tatu zilikuwa za mwezi. Nne, tano, sita, saba, nane zilikuwa za Aminieli mwenyewe.

"Atanichukia," alisema hatimaye.

"Sijui. Cheti changu hakiniruhusu kukudanganya wewe."

"Kinaruhusu watoto tu?"

"Watoto tu."

Aminieli akacheka, kisha akajifuta macho kwa aproni kana kwamba ni pilipili. "Mwambie," alisema.

Simu ilipokatika, Karani alikohoa, ingawa hakuwa na koo. "Kwa taarifa yako, kusema ukweli hakuhitaji cheti cha daraja lolote. Nimekagua mara mbili."

5

Asubuhi yake Haikaeli alipanda kiberenge cha waya hadi Mwika, akiwa amekariri hotuba ya dakika nne. Getini kwa Uiso alimkuta mbwa amefungwa kwa kamba tatu tofauti, na hotuba yote ikamtoka kichwani.

Aikande alikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba na kahawa, akimpa ndama majani. Pengo lilikuwa limejaa. Alikuwa amerefuka.

"Wewe ni nani?"

"Natoka Ofisi ya Majibu." Haikaeli alisema hayo akimwangalia ndama, ambaye alionekana mtu wa kuelewana naye.

"Baba Noeli amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe. Mwaka jana... ndani ya baba wa chuma... nilikuwepo mimi."

Mtoto akaacha kulisha. "Paka anaitwa nani?"

"Waziri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anakula na hafanyi kazi."

"Jino langu liko wapi?"

"Chini ya jiwe la tatu, kwa sababu la kwanza na la pili kaka yako alishayagundua."

Aikande akageuka, akampa mgongo. "Kwa hiyo niliyasema yote kwa mtu nisiyemjua."

"Ndiyo."

"Hata la kukojoa."

"Hata hilo. Sijamwambia mtu. Nisamehe."

"Wewe ni mwongo!"

"Nina cheti," alisema Haikaeli, na papo hapo alitamani ardhi ifunguke. Lakini mtoto alikuwa amegeuka na kunyoosha mkono. Haikaeli akatoa nakala ndogo ya cheti aliyotembea nayo kwenye pochi. Aikande akaisoma yote, mpaka muhuri.

"Daraja la pili tu?" alisema kwa dharau, akairudisha.

Wakakaa juu ya gogo, wakiacha nafasi ya mtu wa tatu kati yao. Kutoka jikoni zilisikika kelele za wanawake. Mmoja alikuwa akisimulia kwamba mwaka huu Aminieli atamenya mkungu mzima peke yake.

"Baba anajua habari za Waziri?"

"Hajui. Aliniomba nimwambie mambo yako yote ili ajifanye alikuwa yeye. Nikakataa."

"Kwa nini hakuendesha mwenyewe?"

"Mwaka uliotangulia alichekwa. Aliona aibu. Akaona ni heri uwe na baba asiyechelewa kujibu."

Aikande alichuma tunda la kahawa, akalibinya mpaka mbegu ikaruka. "Mimi sikucheka," alisema. "Mimi nilisubiri tu ajibu." Akabinya lingine. "Sasa anaogopa nini?"

"Anaogopa akifika hatajua cha kukuambia."

Haikaeli akatazama saa. Zilibaki dakika ishirini.

"Ombi lako bado lipo," alisema. "Wewe peke yako ndiye unayeweza kulifuta. Ukiliacha, litapita saa sita. Baba atabaki mwezini, na ndani ya chuma nitakuja mimi, na safari hii utajua ni mimi. Tutacheza kombolela. Sitasema neno."

"Wewe unataka lipi?"

Angeweza kusema lolote. Hapakuwa na Karani, wala ukuta, wala kioo. "Nataka kuja," alisema. "Nikiwa ndani ya chuma siogopi watu. Hakuna mahali nilipowahi kufurahi kama hapa kwenu."

"Basi kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu mimi si baba yako."

Aikande alimtazama kwa muda mrefu, na Haikaeli, ingawa mashavu yaliwaka, alijilazimisha kutazamwa. Kisha mtoto akanyoosha mkono tena. "Nipe barua yangu."

Aliitandaza juu ya goti. Akachukua kalamu ya Haikaeli bila kuomba, akapiga mstari mmoja mrefu kutoka *Mpendwa Baba Noeli* mpaka kwenye mbwa, akaandika *Nimefuta mwenyewe* na jina lake. Haikaeli akaielekezea simu. Ndani ya sekunde moja Karani alijibu kwa maneno mawili, *Kiti kimebaki*, na baada ya kitambo kidogo akaongeza, *Pole*.

Haikaeli akainuka, akakung'uta sketi, akaanza kutafuta njia ya kutokea isiyopita jikoni.

"Ngoja. Wewe unapeleka na barua kwa watu wakubwa?"

"Tunaweza kupeleka."

"Atasoma akiwa njiani?"

"Ana siku mbili."

Aikande akaigeuza karatasi upande usioandikwa. Alifikiri, ulimi ukiwa umebanwa kwenye pembe ya mdomo, huku ndama akivuta sketi ya Haikaeli na Haikaeli akimwacha avute. Kisha akaandika kwa herufi kubwa na safi, kama anavyoandikiwa mgeni:

*Baba, shikamoo. Jina langu ni Aikande. Nina miaka tisa. Sipendi uji wa ulezi. Ukinikuta usiseme nimekua, kila mtu anasema hivyo. Niulize habari za paka.*